Jeki Kavu Chini ya Lori

Mtu akifa huku Baraka, mji mzima huwa umeshajua nani kamuua kabla polisi hawajavaa viatu. Etabo, fundi wa magari, alikufa jana mchana chini ya lori alilokuwa akilifufua. Leo asubuhi Inspekta Félicité Wilondja alipofika kituoni, mtuhumiwa alikuwa keshakamatwa, keshapigwa, keshafungiwa mahabusu, na shahidi keshasema neno lake. Kilichobaki, kwa maelezo ya mkuu wake, ni kuandika tu.

"Andika, mama, tumupeleke Uvira," mkuu alisema. "Bajomba ba marehemu bameshafika kutoka Makobola. Jua ikigeuka, bijana banabeba sanduku."

"Banaibeba kwenda wapi?"

"Kwa Mutambo. Wapi tena?"

Félicité aliujua uzito wa jibu hilo. Katika ukoo wa Etabo mtu hazikwi mpaka kaka mkubwa asimame mbele ya wajomba wa marehemu na kuwaeleza kifo kimetoka wapi. Wajomba ndio wenye damu. Wasiporidhika, maiti haiendi kaburini. Jana jioni Henri, kaka yake Etabo, alikuwa amesimama mbele yao na kusema alimwona kwa macho yake Mutambo, mwenye lori, akiliangusha juu ya fundi. Baada ya kauli hiyo vijana waliamua kulipeleka jeneza mlangoni kwa Mutambo. Jeneza likiingia kwa mtu namna hiyo nyumba haibaki, na waliomo ndani huomba tu wapewe nafasi ya kukimbia. Mama mzazi wa Mutambo alitoka huko juu milimani, kwa wafuga ng'ombe wanaopigana na watu wa huku chini ziwani, na miaka hii hilo peke yake linatosha kuwafanya watu wasiulize maswali mengi.

Félicité alikuwa mwanamke wa kwenda polepole, jambo lililowaudhi wakubwa zake na kuwaudhi waongo zaidi. Alichukua funguo za mahabusu.

Mutambo alikuwa amekaa sakafuni, mdomo umevimba, shati halina vifungo.

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Sokoni. Nilikuwa natafuta pini ya gurudumu."

"Ulinunua kwa nani?"

"Nilikosa."

"Nani alikuona?"

"Mama, nani anaangaliaka mutu mwenye hanunue?"

Félicité aliona jibu hilo ni la kweli, au ni la mtu mwenye akili sana. Aliendelea. "Wiki ile ingine, mbele ya duka ya misumari, ulimuambia Etabo utamuua. Bantu bengi balisikia."

"Nilisema."

"Juu ya nini?"

"Juu ya kamiyo, ile lori ya baba." Alijifuta mdomo kwa mkono. "Etabo alikuwa anataka kuibadilisha, miye nilikuwa nataka ibakie vile baba aliiacha. Uliza muke yangu Rosette, atakuonyesha. Mama, batoto bangu banalala kwa ile nyumba. Usiache sanduku ifike kule."

Hakujitetea tena zaidi ya hapo. Félicité alifunga mlango, akamwita Darius, polisi kijana aliyekuwa zamu, wakaenda kwa miguu mpaka kwa Mutambo.

Lori lile Baraka nzima ililijua. Baba yake Mutambo alilivusha ziwa kutoka Kigoma enzi za amani, na kwa miaka lilipanda Fizi na Kilembwe likiwa na chumvi na samaki wakavu, likashuka na mihogo na watu juu ya mihogo. Kwa kuwa lilitoka Tanzania, usukani wake ulikuwa kulia, na watu wazima bado walisimulia jinsi mzee alivyokuwa akitoa kiwiko dirishani upande wa korongo na kusalimia vijiji. Vita vilipokuja mzee alilificha nyuma ya nyumba, akafa, nalo likabaki kuwa kiota cha kuku. Miaka miwili iliyopita Mutambo alilijengea banda la mabati kiwanjani kwake, akamwita Etabo, wakaanza kulifufua kipande kwa kipande. Watu walicheka mwanzoni. Injini ilipokohoa mara ya kwanza, hakuna aliyecheka tena.

Rosette, mke wa Mutambo, aliwapokea mlangoni mwa banda. Watoto alikuwa amewapeleka kwa jirani, lakini mwenyewe hakuondoka.

"Nikikimbia, batasema nimekimbia," alisema. "Nikibakia, batanichoma. Niambie mama, unaona ya heri ni gani?"

"Nifungulie kwanza," Félicité alimjibu.

Ndani kulinuka kutu na rangi mpya. Lori lilikuwa limeelekeza ubavu wa kushoto kwenye ukuta wa jirani, ubavu wake wa kulia ukitazama njia ya watu. Miguu ya mbele ilikaa juu ya magogo manne mazito. Nyuma, gurudumu moja lilikuwa limevuliwa na ekseli ilibebwa na jeki peke yake. Pale ndipo Etabo alipolala chali, ekseli ikamshukia kifuani.

"Fundi gani analala chini bila gogo?" Darius aliuliza.

"Magogo yote iko mbele," Rosette alisema. "Balikuwa banapima magurudumu ya mbele. Etabo alisema anaingia nyuma kidogo tu, anakaza bomba ya breki, anatoka."

Félicité alipiga magoti, akainama mpaka shavu likakaribia udongo. Watu wengi walikuwa wamepita hapo jana, wamekanyaga, wamevuta, wamelia. Katikati ya nyayo zao kulikuwa na doa lenye upana wa sahani. Alichovya kidole humo. Mafuta ya injini ni meusi na mazito, na yale ya breki huunguza ngozi. Haya yalikuwa mepesi, ya rangi ya chai isiyo na maziwa, wala hayakumwasha. Aliyajua. Mjomba wake alikuwa na gereji Uvira, na utotoni alipigwa makofi kwa kuyamwaga: ni mafuta ya ndani ya jeki.

Akaishika jeki yenyewe. Ilikuwa ya kijani, yenye vumbi, kavu kama mfupa. Alipitisha kidole shingoni mwake, akakizungusha kwenye kitako, kidole kikarudi safi. Kwenye nguzo yake palikuwa na mstari wa vumbi, na mstari huo ulikuwa bado juu ya shingo, ishara kwamba nguzo haikuwa imeshuka hata unene wa ukucha tangu jana.

"Darius, hii kriki inavuja?" aliuliza, akiigonga jeki.

"Hapana, mama."

"Imebeba kamiyo usiku mzima, haikushuka. Jana mchana njo ilishuka?"

Darius alifikiri. "Labda Mutambo aliifungua kusudi."

"Akifungua, mafuta inarudi ndani yake. Haimwagike chini." Alimgeukia Rosette. "Hii ni kriki yenu?"

"Ni ya Henri, kaka yake Etabo. Aliileta mbio wakati bantu balikuwa banalia. Njo hiyo aliinyanyua nayo kamiyo, bakamuvuta Etabo. Bila yeye tusingemutoa."

"Na ya kwanza? Ile Etabo alikuwa anatumia?"

Rosette alitazama chini ya lori, akatazama kona ya vyombo, akatazama tena chini ya lori. "Ilikuwa nyekundu. Etabo alikuja nayo asubuhi, sijue aliitosha wapi, nani alimupa." Akasogeza ndoo kwa mguu. "Haiko."

Walitafuta. Darius alipekua mapipa, matairi, mpaka tundu la kuku. Jeki nyekundu haikuwapo. Mutambo alikamatwa jana kwenye lango, kwa sababu ya lile tishio lake, akirudi kutoka sokoni, mikono mitupu, mbele ya watu hamsini. Hakupata nafasi ya kuficha hata sindano. Aliyeichukua alikuwa miongoni mwa waliokuja kuokoa. Félicité aliliweka jambo hilo kando, kwa sababu shahidi, Henri, hakuwa amesema lolote kuhusu jeki. Shahidi alisema alimwona Mutambo amekaa ndani, ameshika usukani, akilitikisa lori mpaka likaanguka.

Aliuendea mlango wa kulia. Vioo havikuwapo bado. Etabo alikuwa ameziba madirisha yote kwa vipande vya katoni, kuku wasirudie makazi yao ya zamani. Félicité alivuta kitasa, akachungulia ndani, akabaki amesimama hapo muda mrefu kuliko Darius alivyotegemea.

"Rosette," alisema mwishowe, "njo hii balikuwa banagombania?"

"Njo hii. Bwana yangu alikasirika siku tatu. Kiisha akakubali. Etabo alituapisha tusiambie mutu, hata ndugu yake. Alikuwa anataka siku kamiyo inatoka, Baraka yote ishangae."

Félicité aliufunga mlango taratibu, akahakikisha katoni imekaa vizuri, akamtuma Darius msibani.

Henri alikuja na Darius akiwa amenyoa kichwa, kitambaa cheusi begani. Alikuwa mtu wa makamo, fundi pia, ingawa wateja wake wengi walikuwa wamehamia kwa mdogo wake siku nyingi. Jana watu walikuwa wakimshika mkono na kumshukuru kwa jinsi alivyokimbia na jeki. Alimsalimu inspekta kwa heshima, akabaki nje ya banda.

"Pole na musiba, papa Henri. Sitakukawiza, najua bajomba banakungojea. Nataka tu unionyeshe mahali ulisimama, miye niandike vizuri."

"Hapa." Alisimama kwenye njia, hatua chache kutoka mabati. "Nilikuwa napita. Mulango ya banda ilikuwa wazi nusu."

"Na mulango ya kamiyo?"

"Wazi. Ile ya dereva."

"Inaangalia huku njiani?"

"Huku. Nilimuona muzima muzima, kuanzia kichwa mpaka miguu."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alishika usukani kwa mikono mbili, anatikisa, hivi." Henri alinyoosha mikono, akaikunja vidole, akatikisa. Alifanya vizuri sana. Mtu angeweza kuliona gurudumu la usukani hewani. "Kiisha akakanyaga, akaachilia, kamiyo ikashuka. Nilisikia mudogo yangu mara moja tu."

Sauti ilimkatika aliposema hivyo, na Félicité aliamini kabisa kwamba sehemu hiyo haikuwa ya kubuni.

"Uliangalia ndani ya kamiyo wakati gani ingine, kabla ya jana?"

"Miye? Sikuingiaka humu. Etabo hakutaka bantu."

"Na jana, wakati wa kumutosha kule chini?"

"Nilikuwa nyuma, kwa kriki. Nani angeangalia mbele?"

"Ni kweli." Félicité aliandika neno la mwisho, akakunja karatasi. "Bon. Fungua basi ule mulango, unionyeshe vile mikono yake ilikaa. Juge kule korti atauliza."

Henri aliingia bandani kwa kusitasita, akazunguka mahali palipokuwa na doa bila kulitazama, akashika kitasa na kuvuta. Mlango ulifunguka.

Hapakuwa na usukani. Hapakuwa hata na kiti. Kulikuwa na sakafu tupu ya bati, na mbele yake, pale tundu la mhimili wa usukani lilipokuwa zamani, kibandiko cha chuma kilichochomelewa upya na kupakwa rangi. Usukani ulikuwa ng'ambo, upande wa kushoto, umefungwa kwa kitambaa, ukitazamana na ukuta wa jirani. Aliyetazama toka njiani, hata mlango ungekuwa wazi na jua likiwa utosini, asingemwona dereva mahali hapo Henri alipomweka.

"Baliuhamisha," Félicité alisema. "Huku kwetu magari inapita kuume, dereva anapaswa kukaa kushoto. Mudogo yako alifanya kazi muzuri. Weye uliona kamiyo ya muzee, papa Henri. Kamiyo ya zamani."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Henri iliishia kwenye ubao wa kukanyagia wa lori, kwa kuwa hapo ndipo alipojishusha na kukaa. Hakuna mtu wa Baraka ambaye asingelikosea hapo alipokosea. Wote wangemweka dereva kulia.

"Kriki nyekundu iko wapi?" Félicité aliuliza.

Alitarajia akane kwanza. Henri hakukana.

"Kwangu. Ndani ya mufuko ya unga."

"Juu ya nini hukuitupa kwa ziwa?"

"Nilishindwa. Ilikuwa na alama ya mikono yake."

Félicité alikaa juu ya tairi, akimwacha azungumze kwa mwendo wake. Henri alieleza huku akitazama kitambaa cheusi kilichokuwa sasa mapajani mwake. Jeki ilikuwa yake. Mwezi uliopita Etabo aliiazima, akairudisha, akamwambia, yaya, kama alivyozoea kumwita kaka yake, hii inashuka pole pole, mpira wake wa ndani umekufa. Henri alijibu atabadilisha. Hakubadilisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mpira wa jeki ni ufa mdogo kuliko yote.

"Jana asubuhi alirudi kuiomba," Henri alisema. "Akaniuliza: yaya, umeshaitengeneza? Nikamuambia ndiyo."

"Ulijua ni uongo?"

"Nilijua."

"Basi juu ya nini?"

Henri alikikunja kitambaa. "Alikuwa mudogo yangu, miye nilimufundisha kushika funguo ya kukazia nati. Na sasa kila siku alikuwa ananionyesha makosa. Sikutaka kumuambia tena nimesahau. Nilifikiri ataitumia kwa gurudumu tu, ataweka magogo. Sikujua magogo yote iko mbele."

"Na Mutambo?"

"Nilifika hapa wa kwanza. Niliona kriki imelala, mafuta chini. Nikakimbia kuleta ingine. Wakati balikuwa banamubeba, ile niliiweka ndani ya koti." Alikikunjua kitambaa. "Jioni bajomba bakaniita. Bakasema: kaka mukubwa, simama, utuambie nani alikula mutoto wetu. Bantu bote banangojea. Mama yangu iko pale anakaa chini. Ningesema nini?"

Félicité alilijua jibu la swali hilo, na Henri pia alilijua. Darius, ambaye hakuwa amezoea maungamo kama hayo, alitoka nje kidogo akajifanya anatazama njia.

"Nipeleke kwa mahabusu, mama," Henri alisema. "Nitatia kidole kwa kila karatasi. Mumutoshe Mutambo, miye niingie. Lakini nipeleke sasa hivi."

"Ule uongo uliusemea wapi? Kwa polisi kwanza?"

"Hapana. Kwetu. Mbele ya bajomba."

"Kwa hiyo utaenda kuutosha kule kule."

"Mama, tafazali. Mama yangu iko kule."

"Rosette pia iko hapa," Félicité alisema, na akasimama. Alimhurumia. Angeweza kumpitisha njia ya nyuma mpaka kituoni, akaandika, akatuma karatasi msibani. Lakini karatasi hairudishi jeneza lililokwisha kunyanyuliwa. Alimtuma Darius aende mbio nyumbani kwa Henri kuleta mfuko wa unga, naye akamshika Henri mkono juu ya kiwiko, wakatoka.

Waliyasikia matarumbeta ya kanisa kabla hawajafika. Uwanja ulijaa hadi barabarani. Wajomba kutoka Makobola walikaa kwenye viti kivulini mwa turubai, na mkubwa wao, mzee Lwaboshi, alikuwa tayari amesimama na fimbo. Jeneza lilikuwa mabegani. Vijana sita walilibeba, wengine wengi nyuma yao wakishika mapanga na vidumu vya petroli, na pua ya jeneza ilielekea kwa Mutambo. Nafasi moja ya mbele ilikuwa imeshikwa na kijana mfupi kwa muda tu, ikimngojea kaka mkubwa.

"Henri, njoo ushike mahali yako!" mmoja aliita.

Félicité aliuachia mkono wake. Hakumsukuma. Henri alipita kati ya watu, wakampisha, wengine wakimpigapiga mgongo. Alipofika mbele ya jeneza hakushika chochote. Aliwageukia wajomba na kupiga magoti kwenye vumbi, na matarumbeta yakaacha moja baada ya jingine, kwa kuwa kaka mkubwa hapigi magoti siku ya mazishi. Siku ile yeye ndiye mwenye kusimama.

"Jana nilisema uongo," alisema.

Mzee Lwaboshi aliinamisha kichwa amsikie vizuri. Henri alisema yote: jeki, mpira, doa la mafuta, koti, usukani. Alisema kwa sauti ndogo, na waliokuwa nyuma waliwauliza waliokuwa mbele, na maneno yake yakasafiri hivyo mpaka barabarani. Darius alifika katikati ya maelezo, amebeba mfuko mabegani, unga umempaka nusu ya uso. Aliutua, akaingiza mkono, akaitoa jeki nyekundu, akaiweka chini mbele ya wazee. Ilikuwa ingali inavuja, na mafuta yakauchafua unga ulioishikilia.

Kijana mmoja alimwendea Henri na panga. Mzee Lwaboshi alinyoosha fimbo, kijana akasimama.

Mama yao, Mama Solange, alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, amezungukwa na wanawake. Aliinuka bila kusaidiwa. Alikuja polepole mpaka pale mwanawe alipopiga magoti, na Félicité alisogea hatua moja karibu, asijue atazuia nini.

"Etabo alikuuliza?" Mama Solange alisema. "Alikuuliza kama ile kitu iko muzima?"

"Aliniuliza, mama."

"Na uliitika?"

"Niliitika."

Mama alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayehakikisha kwamba amesikia bei sawasawa.

"Basi alilala pale chini bila woga," alisema. "Yaya yake alikuwa ameshamujibu."

Henri alilala kifudifudi. Hakuna aliyemwinua. Mama Solange alimpita, akalifikia jeneza, akaweka kiganja chake kwenye ubao, akawatazama vijana waliolibeba, ambao nusu yao alikuwa amewalea.

"Mumushushe," alisema. "Kule munamupeleka hakuna mutu wa kumuuliza. Mwenye kifo yake iko hapa, ni mutoto yangu."